Muulizeni Kuhusu Kazi

Mwongozaji wa kike akikaa mbele ya watu, swali la kwanza ni lile lile: ati ni vigumu vipi kuwa mwanamke katika kazi hii? Jameni! Zippy Kimundu na Meena Nanji walimfuata Wanjugu, bintiye Dedan Kimathi, kwa miaka, hadi Our Land, Our Freedom ikatoka 2023. Mimi nataka kujua walijuaje kwamba sasa imetosha. Beryl Magoko, katika In Search... ya 2018, alijiweka mbele ya kamera, mwanamke aliyekeketwa akiwaza kama afanyiwe upasuaji wa kurekebisha. Siku ngumu, nani alikuwa na ruhusa ya kuizima?

Huku Ruiru kuna wasichana wanaorekodi kwa simu wazee waliochuma kahawa mahali ambapo sasa ni ploti. Thika wanarekodi kina nyanya wakisimulia ardhi iliyomezwa na mananasi. Wakienda kwenye mijadala hii wanarudi na neno moja, “ujasiri”. Wanao tayari, tena wa kutosha! Hakuna aliyewaambia nyanya akibadili nia katikati ya filamu wafanye nini, na yale aliyokwisha kusema ni ya nani.