Mwalimu wa Muda, Miaka Nenda Miaka Rudi

Kijana mwenye shahada ya kemia akibisha hodi chuoni hapa Wajir kuomba kazi, jibu analolipata ni lile lile: njoo ufundishe, lakini ni kazi ya muda. Atalipwa kwa saa. Hana barua ya ajira, hana bima ya matibabu, hapati marupurupu ya mazingira magumu ambayo mwenzake aliye kwenye orodha ya serikali hulipwa kila mwezi kwa kuishi kwenye jua hili hili. Muhula ukifungwa naye amefungwa, mpaka aitwe tena. Na huitwa, kwa sababu wa kumrithi hayupo.

Hatuna ugomvi na kazi ya muda yenyewe. Daktari wa mifugo wa kaunti akitoka kazini Alhamisi jioni akapitia chuoni kuwafundisha vijana magonjwa ya ngamia, hiyo ni neema kwa chuo na kwake pia. Ugomvi wetu ni na ile kazi ya muda isiyoisha. Somo limo kwenye ratiba kila muhula, wanafunzi wapo, mtihani wa taifa upo, mwalimu ni yule yule, ila kwenye vitabu vya chuo amebaki kibarua.

Tulifikaje hapa? Wakazi wa kaskazini mashariki hawahitaji kukumbushwa, lakini walioko Nairobi wanaopanga bajeti huenda wamesahau. Novemba 22, 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera lilitekwa na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Februari 2018 zamu ikawa yetu: shule ya msingi ya Qarsa, Wajir Mashariki, walimu wawili na mke wa mmoja wao. Januari 2020, walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Baada ya Qarsa na baada ya Kamuthe, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wasio wenyeji. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuwalaumu walioondoka.

Lakini madarasa hayakuondoka nao. Shule ziliokota waliopatikana, wengine vijana waliotoka kidato cha nne juzi tu. Masomo ya sayansi yalipata pigo kubwa zaidi, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyotegemea wageni tangu zamani. Vyuo vilifanya kama shule: vikawashika vijana wa hapa waliokuwa na digrii na kuwapa vipindi kwa malipo ya saa. Vijana hao ndio walioshika chaki wakati serikali imeshika simu. Siku ya mahafali hushukuriwa kwa makofi mengi. Mkataba, hakuna.

Kisingizio kwamba wenyeji wenye vyeti hawapo kinazidi kuchakaa. Mwaka 2011 kilichokuwa chuo cha ualimu cha Garissa kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Moi, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kujitegemea. Watoto wetu wamesoma huko, na wengine wamesoma Nairobi na Eldoret. Wamerudi na vyeti vyao, wanazunguka mjini na bahasha ya kaki kwapani.

Tatizo mojawapo ni kwamba mwalimu wa muda hana mwenyewe. Mkufunzi wa chuo cha ualimu huajiriwa na TSC. Wa chuo cha kiufundi cha taifa yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Umma. Vyuo vya mafunzo ya tiba vina bodi yao, nazo polyteknia za vijana ni za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kibarua wetu hayumo katika daftari la yeyote kati ya hao. Ameajiriwa na bodi ya chuo, kwa neno la mdomo, na bodi za huku hubadilika siasa ikibadilika. Na siasa ya huku sote tunajua inapita katika koo zipi. Mtu asiye na karatasi mkononi huondolewa kwa simu moja.

Sasa tuingie maabara, maana huko ndiko dhuluma ya malipo ya saa inakoonekana wazi.

Chukua kipindi cha kupima kloridi. Kwenye ratiba ni saa mbili, na saa mbili ndizo atakazolipwa. Kazi yenyewe inaonekana rahisi: matone machache ya nitrati ya fedha ndani ya neli, mashapo meupe yakitokea, kloridi ipo. Lakini maji ya visima vya Wajir yana chumvi. Ukioshea neli kwa maji hayo na kuchanganyia dawa zako humo humo, kila neli itageuka nyeupe, hata isiyostahili, na darasa zima litaandika jibu la uongo kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo mwalimu anayejua kazi yake anatafuta maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, na mara nyingi anayanunua kwa pesa zake. Anafika jana yake jioni kupima dawa na kuimimina katika chupa nyeusi, kwa sababu nitrati ya fedha huharibika ikipigwa na mwanga. Ikiisha, huagizwa Nairobi. Baada ya kipindi anaosha vyombo mwenyewe, maana fundi wa maabara naye hayupo au naye ni wa muda. Anarudi nyumbani vidole vimeingia weusi usiotoka kwa sabuni, amefanya kazi ya saa sita, fomu inasema mbili.

Matokeo yake ni nini? Mwalimu mwenye dhamira anajitoa mhanga muhula wa kwanza na wa pili. Wa tatu anaanza kuchora neli ubaoni na kuwaambia wanafunzi wafikirie rangi. Hatumsifu kwa hilo, na tunajua wapo pia wanaofika wamechelewa, wamechoka, kwa sababu wanakimbilia vyuo vitatu kwa siku ili kodi ya nyumba ipatikane. Mwanafunzi wa ualimu aliyefundishwa kemia ya ubaoni atapelekwa Griftu au Buna kufundisha watoto sayansi, naye atachora neli ubaoni.

Na huu ni mji unaohitaji kemia na biolojia kuliko miji mingi ya Kenya. Wajir ilikua kwa sababu ya visima vyake kwenye mwamba wa chokaa, na maji ya chini yako karibu mno na uso wa ardhi. Ndiyo sababu kwa miongo mingi watu walitumia vyoo vya ndoo: ukichimba choo cha shimo, kinyesi kinakutana na maji ya kunywa. Ni nani atakayepima visima hivyo, atakayemweleza mama kwa nini maji yanayong'aa yanaweza kumuua mtoto? Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 2006, wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Garissa, kwa jirani zetu. Wataalamu wa kuchunguza sampuli za damu za mbuzi na za watu wanatakiwa watoke papa hapa, na watafinyangwa na hao hao walimu wa saa mbili.

Wakuu wa vyuo watatujibu kwamba pesa hakuna, na wana ukweli fulani. Mgao wa serikali kwa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi ulipoanzishwa 2018 ulikuwa Sh30,000 kwa mwaka kati ya karo ya Sh56,420. Mgao ukichelewa, na wazazi wenyewe wakiwa wametoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo uliofagia mifugo yao, wa kwanza kuambiwa asubiri ni mwalimu wa muda. Hazina ya Usawazishaji nayo, iliyowekwa na kifungu cha 204 cha Katiba kwa ajili ya maeneo kama yetu, imetengewa maji, barabara, afya na umeme. Inaweza kuleta nguzo ya umeme mpaka mlangoni mwa maabara. Wa kufundisha ndani hayumo.

Lakini ukosefu wa pesa hauelezi ukosefu wa barua. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda uliowekwa, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, asihesabiwe tena kuwa kibarua. Bodi inayomwita mtu yule yule kila Januari, Mei na Septemba ingefaa ikisome kifungu hicho kabla mahakama haijaisomea. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kuwa TSC haikuwa na mamlaka ya kuajiri walimu wanagenzi, wale wa shule za sekondari msingi waliokuwa wakilipwa Sh20,000 kwa mwezi. Walimu hao waligoma nchi nzima, wakasikika. Walikuwa na bahati ya kumjua mwajiri wao. Kibarua wa chuo cha Wajir agome dhidi ya nani?

TSC na Tume ya Utumishi wa Umma zikitangaza nafasi za vyuo vya kaunti hii, miaka ambayo mtu amefundisha hapa kwa muda ihesabiwe alama, na ihesabiwe hadharani. Kamati ya elimu ya Bunge la Kaunti iite orodha ya walimu wa muda wa polyteknia zake, ione wamekaa miaka mingapi na wanadai kiasi gani. Kwa bodi za vyuo vingine tunaomba jambo dogo lisilohitaji waziri wala bajeti ya nyongeza: muhula ujao usifunguliwe kabla kila mwalimu wa muda hajapewa mkataba ulioandikwa, wenye kiwango cha malipo na tarehe ya kulipwa. Na ile fomu ya madai ya saa iongezwe safu moja, ya matayarisho ya maabara.