TUTUPE NA UOGA

Sumbawanga, kwa Kifipa, ni "tupa uchawi". Vijana wenzangu wa kalamu, tutupe na uoga! Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliimba "Mambo kwa Soksi", akihimiza kondomu wakati Ukimwi ukimaliza watu. Redio Tanzania ikakataa kuupiga: eti matusi! Je, ukimya ulimponya nani? Remmy aliendelea kuimba jukwaani.

Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo". Kesho yake Rais akaagiza aachiwe. Wengi walishangilia. Mimi sishangilii: hisani ya mkubwa si uhuru.

Na sisi je? Tunafuta mistari kabla hatujakatazwa. Andika, bwana! Wakikataa, wakatae wao.