Mcheza kwao hutuzwa, mcheza mkekani je?

Upo mkeka wa plastiki uliozoeza watoto wa mataifa mengi kucheza ngoma pasipo mpiga ngoma. Hutandikwa mbele ya televisheni na kuungwa kwa waya kwenye mtambo wa michezo. Juu yake mna mishale minne: wa mbele, wa nyuma, wa kushoto na wa kulia. Muziki ukilia, mishale hupanda kwenye kioo, na mchezaji yampasa akanyage mshale ule ule kwa wakati wake. Unyayo huunganisha umeme mfano wa kidole kibonyezapo kengele ya mlangoni. Akiwahi hupewa alama, akichelewa hunyimwa.

Jambo hili si la jana. Kampuni ya Bandai ilitoa mkeka wa namna hiyo Japani mwaka 1986. Kisha Konami ikauvumisha ulimwenguni kwa mchezo wa Dance Dance Revolution wa mwaka 1998, ambao mwaka wa pili yake uliingia majumbani kwa mtambo wa PlayStation. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia huko Marekani lilitangaza kuutia mashuleni ili kupambana na unene wa watoto. Kwa hiyo sina haja ya kuubeza. Mtoto kutoka jasho sebuleni ni afadhali kuliko kukaa kitako kutwa.

Lakini na tuupime kwa mizani ya Kakamega. Huko Waisukha na Waidakho wana ngoma yao iitwayo isukuti, na jina hilo limetokana na ngoma zenyewe, ambazo ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Pembe hupulizwa na njuga za chuma zikalia. Mmoja huongoza kwa wimbo, wanaume wakawa safu yao na wanawake safu yao. Huchezwa mtoto azaliwapo, hutia shime arusini na huliwaza matangani.

Tofauti basi ni hii. Mkeka hutambua mguu tu. Mchezaji awe ameoa au amefiwa, mishale ni ile ile. Katika isukuti, mpiga ngoma humwangalia mchezaji, na wimbo huchukua maneno yake katika shughuli iliyowakusanya watu. Kijana hujifunza hatua, na papo hapo hujua jirani yake ni nani na ana jambo gani.

Mwaka 2014 UNESCO iliiandika isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi, fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma ni haba, watunzi wafuata nyimbo zenye soko, na watazamaji wamegeukia burudani za kisasa. Tusiutwike mkeka dhambi hizo zote. Mtoto huchukua kile anachowekewa mbele yake, na wazee wengi tumemwekea televisheni tukaenda zetu.

Msomaji wa Pwani asijione yuko mbali. Mumias imo katika kaunti hiyo hiyo ya Kakamega, na misafara ya biashara kutoka huku kwetu ilifika huko katika karne ya 19, Uislamu ukatia mizizi. Na sisi nyumbani, lelemama iliyokuwa fahari ya mama zetu i wapi? Kirumbizi twakishangilia Lamu wakati wa Maulidi, lakini ni vijana wangapi wa mitaani mwetu wawezao kushika bakora wakaingia uwanjani?

Rai yangu ni nyepesi. Mzazi amnunuliaye mwanawe mkeka na amnunulie, ila amtafutie na mzee wa kumfunza ngoma ya kwao, naye mzee apewe heshima na ujira wa mwalimu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na tuzo hilo hutoka kwa watu wamjuao mchezaji na wazazi wake. Alama za kwenye kioo hufutika mtambo uzimwapo.