Bima ya Msafiri: Nakala Ibaki Nyumbani

Wiki hii yafaa tuzungumze juu ya hati ya bima ya safari. Wasafiri wengi huinunua kwa haraka, wakaikunja ndani ya pasipoti, wala wasiisome mpaka siku ya maradhi.

Wazee walisema ajali haina kinga, na bima haizuii homa wala mguu kuvunjika. Kazi yake ni kuchukua mzigo wa gharama. Mzigo huo usipochukuliwa na kampuni, huwaangukia watu wa nyumbani: ng'ombe huuzwa, na daftari la michango huzungushwa kambini ili mgonjwa atolewe hospitali ya ugenini, au maiti irudishwe kuzikwa kwao.

Masharti hutofautiana. Mtu aombaye viza ya muda mfupi kwenda nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen hutakiwa aonyeshe bima isiyopungua Euro 30,000, itumikayo katika nchi zote za mkataba kwa siku zote za safari. Bima hiyo yapasa ilipie matibabu ya dharura, kumrudisha mgonjwa kwao, na gharama za kifo. Lakini kutodaiwa bima si dalili kwamba matibabu ni ya bure. Kule Uingereza, mgeni wa matembezi akilazwa katika hospitali ya serikali aweza kutozwa asilimia 150 ya gharama.

Hapa Uganda wengi wetu husafiri kwa gari kupitia Malaba, Busia au Katuna. Dereva huwa na Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza kazi mwaka 1987. Kadi hiyo hulipia madhara wanayopata watu wengine, na matibabu ya dereva na abiria waumiapo katika ajali ya gari hilo. Lakini abiria akishikwa na tumbo usiku akiwa Nairobi, Kadi ya Njano haimhusu.

Basi, kabla ya kutoa fedha, uliza mambo manne:

1. Maradhi ya zamani. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aseme mapema. Akificha, kampuni yaweza kukataa kulipa.

2. Matibabu yaliyopangwa. Anayekwenda India kupasuliwa moyo asidhani bima ya safari italipia upasuaji huo. Bima hii ni ya jambo la ghafla.

3. Mambo yasiyolipwa. Mara nyingi vita, ulevi na uzazi ulio karibu huwa nje ya bima. Askari aliyetumwa kwa amri, kama wale waliokwenda Somalia tangu 2007, hutibiwa kwa mpango wa jeshi na wa kikosi alichomo. Lakini mpango huo usidhaniwe kuwa unamfuata mkewe aendapo harusini Kigali.

4. Nani atoe fedha kwanza. Kampuni nyingine huilipa hospitali moja kwa moja. Nyingine humtaka msafiri alipe, kisha adai kwa stakabadhi. Wa namna ya pili asiondoke mfuko mtupu.

Jambo kubwa kuliko yote ni la nyumbani. Mgonjwa aliyezimia hawezi kusoma hati iliyomo mkobani mwake. Atakayepigiwa simu usiku ni mke, mume au mtoto mkubwa aliyebaki. Kwa hiyo nakala ibaki nyumbani, na jamaa wajue jina la kampuni, nambari ya hati, tarehe ya mwisho na nambari ya simu ya dharura. Kampuni iarifiwe mara mgonjwa anapolazwa, kwa maana nyingi hukataa gharama ambazo hazikuarifiwa. Kila stakabadhi itunzwe, pamoja na maelezo ya daktari. Na kama ni ajali ya barabarani, taarifa ya polisi wa mahali pale.

Kina baba na kina mama, sisi hupika vitumbua vya njiani na kupiga pasi nguo za msafiri siku mbili kabla. Jioni hiyo hiyo ketini pamoja, msome hati hiyo kwa sauti tangu mwanzo hata mwisho. Penye neno msilolielewa, msafiri arudi akaulize ofisini kabla hajapanda basi.