Mtoto aandike yake, si ya kukremu

Mwambie mtoi yeyote wa mtaani akuandikie insha kuhusu asubuhi yake. Atakwambia majogoo yaliwika na ndege wakaimba, ilhali anaishi ghorofa ya tano Pipeline na kinachomwamsha ni honi ya matatu.

Si kosa lake. Kwa miaka mingi karatasi ya Insha katika KCPE ilimpa mtahiniwa dakika 40 kuwania alama 40. Njia ya mkato ikawa kukremu methali, tashbihi na mianzo iliyokwisha kuandaliwa. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, lakini mazoea yamebaki. Mtaala wa CBC unataja ubunifu miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi, ila mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kukaa na kila mtoto. Wewe, kaka au dada mkubwa, unaweza.

Chukua karatasi moja ya A4. Ikunje nusu mara tatu, kisha uifungue. Utaona vyumba vinane. Ikunje nusu kwa upana, ukate mstari wa katikati kuanzia upande uliokunjwa hadi mkunjo unaofuata. Ifungue, uikunje kwa urefu, halafu usukume ncha zote mbili zikutane. Hapo una kitabu cha kurasa 8 bila gundi wala stepla: jalada, kurasa sita za hadithi, na mgongo wa kuandika jina la mwandishi.

Mwache achore kwanza, kisha aandike sentensi moja chini ya kila picha. Akichora makanga mlangoni mwa matatu, atakuuliza, "Hivi anavyofanya huitwaje?" Hapo ndipo unampa neno "kuning'inia". Neno ambalo mtoto amelitafuta mwenyewe halimtoki upesi kama lile la kukaririshwa.

Akiandika "mathe", usimfokee. Muulize mwalimu angeandika vipi. Atabaki na maneno mawili badala ya kunyang'anywa moja. Na usimwage wino mwekundu kila mahali; rekebisha kosa moja leo, lingine kesho. Kama kuandika kunamtisha, chora macho kwenye soksi kuukuu, aivae mkononi, soksi isimulie na wewe uandike.

Wapo wazazi watakaosema huo ni mchezo, mtoto ashike kitabu asome. Lakini hiki nacho ni kitabu, tena atakisoma mara kumi kwa sababu ni chake. Methali nazo zina nafasi yake, mradi azitumie akiwa na la kusema.

Tukiwazoesha watoto kuandika maisha ya watu wengine, watakua wakiamini Kiswahili ni lugha ya mtihani tu, na mambo yao ya kweli hayana pa kuandikwa. Jumamosi hii, kabla hujarudi kwa simu, kunja karatasi moja. Jioni mwambie asomee nyumba nzima, na runinga izimwe.