Gubeti Si Kuni

Kuna kauli iliyozoeleka kwa waandishi wa vitabu vya watalii, na sasa imeanza kukaa hata vinywani mwa wenzetu wa Pwani: kwamba meli za Ulaya zilikuwa na sanamu kwenye omo, wanawali na simba wa mbao waliopakwa rangi ya dhahabu, ilhali vyombo vyetu vilikwenda uso mtupu. Wengine huongeza na sababu: dini imekataza sanamu, basi fundi wetu akauacha ubao kama ulivyotoka kwenye tezo. Ni kauli ya uvivu, na imetugharimu.

Anayeitaka haki aanze na mtepe. Chombo kile cha Lamu na visiwa vya Wabajuni, kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kusukumwa na tanga la miyaa, kilikuwa na omo lililorefuka na kuinuka mithili ya shingo. Wageni walioandika mwanzoni mwa karne ya 20 walisimuliwa kuwa kile ni kichwa cha ngamia wa Mtume. Ubavuni palichorwa macho. Fundi hakuchonga pua wala sikio. Aliuinua ubao tu, na mwenye kujua akamwona ngamia. Huo ni upungufu gani? Mshairi akifanya hivyo kwa maneno, tunamwita bingwa.

Mtepe ulipotoweka, jicho halikutoweka. Majahazi ya Lamu yaliendelea kubeba pande mbili za omo vibao vya mviringo vilivyochongwa mwezi na nyota. Kotia za Bara Hindi zilikuja na gubeti lililopinda kama kichwa cha kasuku, na betili za Musandam, kule Oman, zilivishwa kauri.

Nasemea Rufiji hasa, maana huko usahaulifu umezidi. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinaitaja bandari ya Rhapta, jina litokanalo na vyombo vya kushonwa. Na Profesa Felix Chami ni miongoni mwa wanaoitafuta bandari hiyo katika delta hii. Yaani huenda sehemu hii iliandikwa duniani kwa ajili ya ufundi wa vyombo vyake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1939, Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliingia deltani ndani ya bumu la Kuwait lililokuja kupakia boriti za mikoko.

Muulize kijana yeyote chombo gani mashuhuri kiliwahi kuingia Rufiji. Atakutajia Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyokwisha humo Julai 1915. Mizinga yake imetunzwa: mmoja Pretoria, mwingine Ngome ya Yesu, Mombasa. Chombo kilichokuja kupiga kina makumbusho; vilivyokuja kupakia na kupakua kwa karne nyingi havina hata ubao mmoja uliotundikwa ukutani.

Nitaambiwa kuwa vyombo vya Rufiji vyenyewe ni mashua na ngalawa za kazi, hazina nakshi. Nyingi ni hivyo, sibishi. Lakini mkomafi na msikundazi wa delta vimeunda vyombo vya mafundi wengi, na magubeti ya nchi za mbali yalilala katika midomo ya mto huu yakisubiri maji kujaa. Historia ya pambo si ya aliyelichonga peke yake. Ni ya bandari iliyolipokea pia.

Leo jahazi bovu hununuliwa kwa mbao zake. Zinageuzwa meza, vitanda na fremu za vioo vya hoteli, na mnunuzi hufurahia alama za misumari. Milango ya Mji Mkongwe imehesabiwa, imepigwa picha, imeandikiwa vitabu. Gubeti, linaloinuka pale mbele ambapo chombo kizima hutambuliwa, linakatwa kwa msumeno kwa kuwa halinyooki kuwa meza. Likishakatwa, ni kuni.

Na washairi wasijitoe. Jahazi limekwishafanywa ndoa, limekwishafanywa taifa, limekwishafanywa roho ya mwanadamu. Lakini katika tungo hizo utakuta tanga, nanga na mawimbi, basi. Nani ametaja hanamu? Nani ameyataja mataruma kwa jina? Tunaimba bahari ya kadi za posta.

Watu wa Sur, Oman, walipopata habari kuwa Fatah al-Khair, ganja lao lililouzwa Yemen, bado liko, walichanga fedha wakalirudisha kwao katika miaka ya 1990. Hawakungoja mfadhili.

Sisi tungeanza na kidogo zaidi. Nyamwage ipo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, kusini ya Daraja la Mkapa, na njia ya Utete inaishia hapo. Aendaye kutazama magofu ya Kilwa hupita. Chumba kimoja cha halmashauri chatosha. Kila chombo kinapovunjwa Nyamisati, Salale au Mafia, gubeti na macho yake yaletwe kabla ya msumeno, na chini yake yaandikwe jina la chombo, la fundi, la bandari na mwaka, kwa Kiswahili, wakati waliokiunda wangali hai wa kuulizwa.