Sarafu Mtandao na Akiba ya Mwananchi: Kodi Si Dhamana, Usajili Si Leseni

Na Mwandishi Wetu, Unguja

Katika mabaraza ya Mji Mkongwe, ambako kahawa hunywewa pamoja na habari za siasa, mpira na bei za vyakula, mazungumzo ya sarafu mtandao si mageni tena. Vijana wenye simu za mkononi hufuatilia bei ya Bitcoin kama wazee wao walivyofuatilia bei ya karafuu. Miongoni mwa wazungumzaji hao wamo wataalamu wa kompyuta na wafanyabiashara wakubwa, lakini wengi ni wananchi wa kawaida wenye akiba ndogo na hamu ya halali ya kuikuza. Makala haya yanaandikwa kwa ajili yao.

Hoja inayosikika mara nyingi barazani ni kwamba, maadamu Serikali imeshaweka kodi katika mali za kidijitali, basi imeshaziruhusu na inazidhamini. Hoja hiyo inavutia, lakini haiko sahihi. Anayekosea hapo huhatarisha ada ya skuli ya watoto, mtaji wa duka au fedha ya kumalizia nyumba. Ni vyema basi kupitia matamko rasmi kwa mpangilio wake, kisha kutazama historia ya visiwa vyetu inatufundisha nini.

Matamko rasmi yanasema nini

Mwezi Novemba 2019, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma kwamba sarafu mtandao hazitambuliwi na sheria za nchi, na kwamba Shilingi ya Tanzania ndiyo fedha halali pekee kwa malipo. Tarehe 13 Juni 2021, akizindua jengo la tawi la Benki Kuu jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki hiyo ianze kujiandaa na mabadiliko ya teknolojia ya fedha, badala ya kungoja yatukute hatujawa tayari. Januari 2023, Benki Kuu ilieleza kuwa utafiti wake kuhusu sarafu ya kidijitali ya benki kuu unaendelea, na kwamba itakwenda hatua kwa hatua na kwa tahadhari.

Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya mwaka 2024. Kuanzia tarehe 1 Julai 2024, malipo yanayotokana na uhamishaji wa mali za kidijitali hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 3. Hapa ndipo wengi walipochanganyikiwa.

Kodi hufuata mapato. Haimaanishi kwamba Serikali imekichunguza chanzo cha mapato hayo na kukiridhia. Mwenye nyumba hulipa kodi ya mapato yatokanayo na pango, lakini risiti yake haimhakikishii mpangaji kuwa paa halitavuja. Vivyo hivyo, asilimia 3 inayokatwa katika muamala wa sarafu mtandao haimpi mnunuzi ahadi kwamba bei haitaporomoka, wala kwamba jukwaa alilotumia litakuwepo kesho. Kodi hiyo haikuifanya sarafu yoyote ya mtandaoni kuwa fedha halali ya malipo.

Kwa upande wa Zanzibar kuna jambo la pili la kuzingatia. Kwa mujibu wa Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, sarafu, shughuli za mabenki na fedha za kigeni ni mambo ya Muungano. Kampuni inaweza kusajiliwa hapa Unguja na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na cheti chake kikawa cha kweli kabisa. Lakini cheti hicho huthibitisha tu kuwa kampuni ipo. Ruhusa ya kupokea amana za wananchi hutolewa na Benki Kuu. Mtu anapoonyesha cheti cha usajili kama ushahidi kwamba fedha ziko salama, mwananchi ana haki ya kuuliza leseni iko wapi.

Visiwa hivi vimezijua fedha nyingi

Zanzibar si mgeni wa mifumo ya fedha ya dunia. Katika karne ya 19, riale ya Maria Theresia, yenye mwaka 1780 juu yake hata ilipopigwa miongo mingi baadaye, ilinunua karafuu na pembe za ndovu katika bandari yetu. Mwaka 1882 Sultani Barghash alipiga riale zake mwenyewe. Rupia ya India nayo ilizunguka sana, na hata neno “pesa” tunalolitumia kila siku lilitokana na paisa ya India. Mwaka 1908 zilitolewa noti za rupia ya Zanzibar. Mwaka 1936 rupia ikaipisha shilingi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1966 ikaingia Shilingi ya Tanzania.

Historia hiyo ina mafunzo mawili kwa mwekezaji wa leo.

La kwanza linatokana na simbi, ambazo wengine huziita kauri. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg, ikiwemo nyumba ya O'Swald iliyofungua shughuli zake Zanzibar mwaka 1849, walinunua simbi za pwani yetu kwa bei ndogo na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Huko simbi zilikuwa na thamani kwa sababu zilitoka mbali na hazikuwa nyingi. Meli zilipozidi kuzimwaga, thamani yake ilishuka mwaka hadi mwaka. Wafanyabiashara walioziwahi wakati bei ikiwa juu walipata faida kubwa, na hasara ikawaangukia waliokuwa wameweka akiba yao kwa simbi wakidhani hazitapungua thamani.

Funzo la pili ni la fedha ya madini. Ujerumani ilipoanza kuacha fedha ya madini na kufuata dhahabu miaka ya 1870, na mataifa mengine yakafanya hivyo, bei ya madini ya fedha ilishuka duniani kote. Riale na rupia zikapoteza sehemu ya nguvu yake ya kununua. Mkulima wa Unguja hakuulizwa, lakini uamuzi wa Ulaya ulifika mpaka mfukoni mwake.

Mtetezi wa Bitcoin atajibu kwamba sarafu hiyo si kama simbi, kwa kuwa kanuni zake, zilizoanza kufanya kazi Januari 2009, zimeweka kikomo cha sarafu milioni 21. Jibu hilo ni la haki, na ndilo linaloitofautisha Bitcoin na sarafu nyingi zilizokuja baada yake. Hata hivyo, kikomo cha sarafu moja hakimzuii mtu kuanzisha nyingine, na leo zipo maelfu kwa maelfu. Isitoshe, uchache wa kitu peke yake hauleti bei. Lazima awepo mtu wa kukinunua siku unapotaka kukiuza.

Dunia ilivyojifunza

Tuchukue mfano wa mwekezaji mdogo. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifikia takriban dola 69,000 za Marekani. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa takriban dola 16,000. Aliyeweka shilingi 1,000,000 katika kilele kile, tukichukulia kuwa thamani ya shilingi dhidi ya dola haikubadilika, alibakiwa na shilingi zisizofika 240,000. Ni kweli pia kwamba Desemba 2024 bei ilivuka dola 100,000, na aliyestahimili hakupoteza. Lakini si kila mtu anaweza kustahimili. Mwenye ada ya skuli ya kulipa Januari hawezi kuiomba skuli isubiri soko lipande. Kwa hiyo swali la mwekezaji mdogo ni iwapo anaweza kungoja, na ni kwa fedha ya nani.

Mwezi huohuo wa Novemba 2022, jukwaa la FTX, lililokuwa miongoni mwa makubwa duniani katika biashara hiyo, lilianguka ndani ya siku chache. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa Machi 2024 kifungo cha miaka 25 nchini Marekani. Miezi michache kabla ya hapo, Mei 2022, sarafu ya TerraUSD iliyotangazwa kuwa daima ingelingana na dola moja ilipoteza karibu thamani yake yote. Tukio hili linawahusu sana wenye ndugu Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambao hushawishiwa kutumiana fedha kwa sarafu zinazoitwa thabiti ili kuepuka gharama. Haja yao ni ya kweli, lakini neno “thabiti” katika jina la sarafu ni madai ya mtoaji wake, na yanahitaji kuthibitishwa.

Hata nchi zimejifunza kwa gharama. El Salvador iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali Septemba 2021, lakini Januari 2025 ikabadilisha sheria na kuondoa ulazima wa kuipokea. Jamhuri ya Afrika ya Kati ilifuata njia hiyo Aprili 2022, na mwaka uliofuata ikarudi nyuma.

Tutenganishe mambo matatu

Matangazo mengi huchanganya mambo matatu ambayo mwananchi anapaswa kuyatenganisha.

Jambo la kwanza ni teknolojia. Blokcheni ni daftari la pamoja linalohifadhiwa katika kompyuta nyingi, hivyo kwamba ni vigumu mtu mmoja kufuta au kubadili kilichoandikwa. Daftari la namna hiyo linaweza kusaidia katika kumbukumbu za ardhi, mizigo ya bandarini au mawasiliano, na kuikubali teknolojia hiyo hakumlazimishi mtu kununua sarafu yoyote.

Jambo la pili ni mali yenyewe, yaani sarafu yenye bei inayopanda na kushuka. Hii ni bahati nasibu kwa asiyeielewa, na ni uwekezaji wa hatari kubwa hata kwa anayeielewa.

Jambo la tatu ni ahadi ya faida. Mtu anayekuahidi faida ya uhakika kila wiki, na malipo ya ziada ukimleta mwenzako, anakuuzia upatu, ingawa mazungumzo yake yamejaa majina ya kompyuta. Taifa halijasahau DECI, iliyokusanya fedha za wananchi wengi kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, hadi ilipofungwa mwaka 2009. Mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani jijini Dar es Salaam. Wakati ule karatasi na foleni zilitosha. Leo simu inatosha, na mwendeshaji anaweza kuwa nchi ya mbali ambako hati ya mahakama yetu haimfikii kwa urahisi.

Nani atajibu mambo yakiharibika?

Swali hili ndilo kipimo bora kuliko vyote. Mwananchi akiweka fedha katika benki yenye leseni, iwe Benki ya Watu wa Zanzibar au nyingine, na benki hiyo ikafilisika, Bodi ya Bima ya Amana humlipa hadi kiwango cha shilingi milioni 7.5. Akinunua hatifungani ya Serikali, mdaiwa anajulikana. Akishiriki katika Sukuk ya Zanzibar, iliyozinduliwa mwaka 2025 na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa kufuata misingi ya fedha ya Kiislamu, mtoaji anajulikana na masharti yameandikwa. Faida ya njia hizi haimfanyi mtu tajiri kwa usiku mmoja, na kila moja ina hatari zake, lakini ipo ofisi yenye mlango wa kubisha.

Katika sarafu mtandao, aliyesahau ufunguo wake wa siri hana pa kuomba mwingine. Aliyetuma kwa anwani isiyo sahihi hana wa kumrejeshea. Aliyetapeliwa anaweza na anapaswa kuripoti Polisi, lakini hakuna bima inayomfidia.

Ni haki kusema pia kwamba upande wa sheria bado una kazi. Mwananchi anayekatwa kodi katika muamala anastahili kujua ni majukwaa yapi yanasimamiwa, na nani, na malalamiko yapelekwe wapi. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali mwaka 2025, na kukabidhi usimamizi kwa Benki Kuu yake na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Uzoefu wa jirani ni shule ya karibu, na utawasaidia watunga sera wetu kupima kipi kinafaa kwa mazingira ya Tanzania.

Hadi hapo, ushauri kwa mwekezaji mdogo ni mfupi. Usitumie fedha ya kukopa wala fedha yenye kazi maalumu. Usitoe fedha kwa kuonyeshwa picha ya faida ya mtu mwingine. Omba leseni, na uithibitishe kwa Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana badala ya kuamini nakala uliyotumiwa kwenye simu. Na ikiwa huwezi kumweleza mwenzako wa nyumbani, kwa maneno ya kawaida, faida inatoka wapi na nani anailipa, basi akiba hiyo ibaki ilipo mpaka utakapoweza.